Matuu hadi New York: Masafa ni Mamoja, Saa ni Nyingi

Asili ya mkanganyo

Tangu tarehe 28 Oktoba 2018, siku ambayo ndege ya Kenya Airways iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Nairobi hadi New York bila ya kutua popote njiani, swali moja limekuwa likirudi katika mazungumzo ya watu wa miji ya bara iliyo na jamaa zake ng'ambo, na Matuu, mji wa soko ulio kando ya barabara ya Thika kwenda Garissa katika Kaunti ya Machakos, haukusalimika nalo: je, huko kuna umbali gani, na mtu huchukua saa ngapi kufika? Swali ni jepesi kulisikia, lakini majibu yake hayapatani hata kidogo. Mmoja husema kilomita elfu kumi na moja na ushee. Wa pili, aliyezoea maili za vitabu vya zamani, husema elfu saba. Wa tatu, aliyeitazama tikiti ya ndugu yake, huapa kuwa safari ni ya saa 7 tu, maadamu ndege imeandikwa kuondoka 23:25 na kufika 06:25. Na wa nne, aliyekwenda uwanjani kumpokea mgeni, hushikilia kuwa ni saa 22 na nusu, naye pia ana tikiti ya kumshuhudia.

La ajabu ni kwamba katika wanne hao hakuna hata mmoja aliyesema uongo. Kila mmoja ameisoma tarakimu iliyo sahihi, kisha akaitumia kujibu swali ambalo tarakimu hiyo haikuwekwa kulijibu. Kilomita za wa kwanza na maili za wa pili ni kitu kimoja kilichopimwa kwa fimbo mbili. Ama saa za wa tatu na za wa nne, hizo zimechukuliwa kutoka saa mbili za ukutani zisizokubaliana, moja ya Nairobi na moja ya New York, zikatolewa kana kwamba ni saa moja. Kwa hiyo linalohitajika si kutafuta nani mkweli, bali kupambanua ni maswali mangapi yaliyofichama ndani ya swali hili moja, na kila jibu lafaa kazi gani.

Walivyopima waliotutangulia

Watu wa pwani yetu walisafiri masafa marefu karne nyingi kabla ya kuwako ndege, wala hawakuyapima kwa maili. Nahodha wa jahazi la kwenda Maskati aliulizwa kwanza juu ya msimu. Kaskazi, ivumayo tangu Desemba hadi Machi, iliyaleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi ikaja kuyarudisha. Na baina yao zikawako siku za maleleji ambazo mwenye busara hakutweka tanga. Aliyekosa msimu wake hakuchelewa siku mbili tatu, bali miezi, ijapokuwa masafa kati ya Mombasa na Maskati hayakuongezeka hata dhiraa moja. Desturi hiyo ilibeba elimu ambayo msomaji wa tikiti wa leo ameisahau, nayo ni kuwa masafa ni kitu kimoja, muda wa kuyakata ni kitu kingine, na baina ya viwili hivyo umekaa upepo.

Na safari ya New York yenyewe si ngeni kwa Waswahili kama idhaniwavyo. Marikebu Sultana ya Seyyid Said bin Sultan, ikiwa na mjumbe wake Ahmad bin Naaman, ilitoka Maskati mwishoni mwa mwaka 1839, ikapitia Unguja, ikaizunguka Rasi ya Tumaini Jema, na kutia nanga New York tarehe 30 Aprili 1840. Safari iliyokwisha kwa miezi wakati ule leo yakwisha kwa usiku mmoja na sehemu ya mchana. Katikati ya nyakati hizo mbili muda ulipungua kwa vishindo: njia ya Imperial Airways kutoka London hadi Cape Town, iliyofunguliwa mwaka 1932 ikipitia Kisumu na Nairobi, ilihesabiwa kwa siku kumi na ushee, na abiria walilala usiku katika nyumba za wageni njiani, lakini ilipofika Mei 1952 ndege ya Comet, ambayo ndiyo ya kwanza ya aina ya jeti kuchukua abiria kwa nauli, iliruka kutoka London hadi Johannesburg kwa kupitia Entebbe, ikafika kabla ya siku moja kutimia.

Ikiwa jeti zilikuwako tangu 1952, na shirika la East African Airways lilikuwako tangu 1946 hadi lilipovunjika mwaka 1977 na Kenya ikaanzisha lake, mbona ndege ya moja kwa moja hadi New York ikangojwa hadi 2018? Sehemu ya jibu ni ya mitambo, kwa kuwa ndege iwezayo kuruka masafa hayo ikiwa na abiria wa kutosha bila ya kuteketeza mafuta ya kufilisi, yaani Boeing 787, Kenya Airways waliipata ya kwanza mwaka 2014. Lakini sehemu kubwa ni ya idhini: serikali ya Marekani hairuhusu mashirika ya nchi yoyote kufungua safari za kwenda kwake mpaka iridhike na usimamizi wa usalama wa anga wa nchi hiyo, na Kenya haikupewa daraja hilo hadi Februari 2017. Basi kwa miaka mingi kilichoiweka New York mbali na Nairobi hakikuwa bahari, ila karatasi.

Na tukiwa bado katika tarehe, inafaa mtu wa Matuu akumbuke kuwa uwanja wa Embakasi, uliofunguliwa mwaka 1958 na ambao leo ndio Uwanja wa Jomo Kenyatta, una undugu na mji wake: mfereji wa Yatta, uchukuao maji ya mto Thika na kuyafikisha kwenye mashamba ya Matuu, ulichimbwa katika miaka ile ile ya 1950, na kazi za pande zote mbili zilifanywa na mahabusu wa Hali ya Hatari. Jambo hilo halibadili hesabu ya masafa, lakini ni haki litajwe pale itajwapo njia ya ndege ile.

Hoja ya wapima masafa

Kundi la kwanza ni la wale wasemao kuwa umbali ni kilomita, basi. Hoja yao ina nguvu, kwa sababu kilomita hazijui kiangazi wala masika. Kati ya uwanja wa Nairobi na ule wa Kennedy wa New York mna takriban kilomita 11,840 kwa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, sawa na maili 7,350 hivi za nchi kavu, au maili 6,390 za baharini, ambazo ndizo marubani wazitumiazo. Tatu hizi ni tarakimu za kitu kimoja, na anayezishindanisha ni sawa na anayeshindanisha pishi na kilo.

Lakini hapo ndipo ramani ya ukutani inapoingiza fitina. Ramani ile ya mstatili, ambayo kila mmoja aliiona darasani, imelikunjua tufe likawa karatasi, na karatasi haiwezi kulibeba tufe bila ya kulipotoa. Mtu akichukua rula akaiunganisha Nairobi na New York, mstari wake utakata Afrika ya Magharibi na kutokea baharini karibu na Mauritania. Huo si mkato. Ni njia ya nahodha asiyeigeuza dira yake kutoka mwanzo hadi mwisho, na ukiihesabu utaona yaikaribia kilomita 12,200, yaani yazidi ile fupi kwa kilomita 350 hivi. Njia fupi hasa huonekana ukichukua mpira, ukavuta uzi juu yake kutoka mji mmoja hadi wa pili: uzi utaelekea kaskazini-magharibi tangu mwanzo, upite juu ya magharibi ya Kenya, kaskazini ya Uganda, Sudan Kusini, Chad, jangwa la Niger na Algeria, kisha Moroko, na hapo uingie Atlantiki. Kwa hiyo asemaye kuwa ndege "huzunguka" kupitia Sahara amekosea. Rula ndiyo iliyozunguka.

Uzi huo huo huleta ajabu nyingine imhusuyo mtu wa Matuu. Mji wake uko mashariki ya uwanja wa ndege, na kwa barabara kuna kilomita mia moja na ushee. Mtu angetarajia kuwa Matuu iko mbali zaidi na New York kwa kiasi hicho. Sivyo. Kwa sababu upande utokao Matuu kwenda uwanjani si ule wa uzi, tafauti kati ya masafa ya Matuu hadi New York na yale ya Nairobi hadi New York haifiki hata kilomita 50. Barabara hufuata Kithimani, Kilimambogo na Thika kwa sababu ndiko kwenye watu na madaraja, si kwa sababu ndiko kuliko Marekani.

Udhaifu wa kundi hili ni kwamba tarakimu yao, pamoja na usahihi wake wote, haimwambii msafiri lini atafika. Tena hakuna ndege ifuatayo uzi ule barabara: marubani hupewa njia na waongozaji wa anga, hukwepa nchi zilizo vitani na mawingu ya dhoruba, na siku nyingine huacha makusudi njia fupi ili kuukimbia upepo wa mbele. Masafa ni msingi wa hesabu ya mafuta na kipimo cha kulinganisha mji na mji. Zaidi ya hapo hayana msaada kwa mtu aliyeshika begi.

Hoja ya wahesabu saa

Kundi la pili husema kuwa msafiri hakati kilomita, hukata saa, kwa hiyo aulize saa. Nalo lina haki, ila limejengwa juu ya ardhi inayoteleza.

Tuchukue ratiba iliyotangazwa safari hii ilipoanzishwa: kuondoka Nairobi 23:25 na kufika New York 06:25 ya siku ya pili; kisha kuondoka New York 12:25 na kufika Nairobi 10:55 ya siku ya pili. Kila tarakimu huandikwa kwa saa ya mji wake. Wakati wa baridi New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8. Basi 06:25 ya kule ni 14:25 ya huku, na safari ya kwenda huwa ya saa 15, wala si 7. Ya kurudi, ambayo kwa macho ni saa 22 na nusu, hupunguziwa saa 8 hizo hizo, ikabaki 14 na nusu. Hivyo ndivyo wa tatu na wa nne wetu walivyopotea, mmoja kwa kupungukiwa na mwingine kwa kuzidishiwa, na kipimo cha kosa lao ni kile kile.

Hapo pana mtego wa pili. Wamarekani huzisogeza saa zao mbele kwa saa moja tangu Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, ilhali Kenya, iliyo juu ya mstari wa ikweta ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, haina haja ya kufanya hivyo. Tafauti ya miji miwili kwa hiyo si saa 8 daima. Kwa miezi kama minane ya mwaka ni saa 7. Tikiti ya Julai ikiwa na tarakimu zile zile za Januari, maana yake si ile ile, na ndiyo sababu mashirika hulazimika kuzibadili ratiba kila msimu.

Mtego wa tatu ni wetu wenyewe, na wastahili kukaliwa kidogo. Mswahili huihesabu saa tangu kuchomoza kwa jua: saa moja ya asubuhi ni 07:00 ya tikiti, na 12:25 ya tikiti ni saa sita na dakika ishirini na tano za mchana. Mzee aliyeambiwa kwa simu "ndege ni kumi na mbili na dakika ishirini na tano," asiulize kama ni saa ya Kiswahili au ya Kizungu, ana haki ya kuelewa alfajiri au magharibi, na katika zote mbili atakuwa amekosa kwa saa sita. Na mbaya zaidi kuliko hilo ni tarehe. Kwa hesabu ya pwani, siku huingia jua linapotua, na usiku wa kuamkia Ijumaa ndio usiku wa Ijumaa. Kwa hesabu ya watu wengi wa bara, usiku hufuata mchana wake mpaka kuche. Kwa hesabu ya tikiti, siku hugeuka saa sita za usiku, wakati ambao hakuna jua linalotua wala linalochomoza. Ndege iliyoandikwa 00:40 ya tarehe 5 huondoka usiku ambao jirani wa Matuu atauita wa tarehe 4, na msafiri atakayefika uwanjani jioni ya tarehe 5 ataambiwa kuwa ndege yake ilikwisha ondoka tangu usiku uliopita. Hakuna ujinga katika kosa hilo. Kuna kalenda tatu zilizokutana juu ya karatasi moja, na karatasi haikusema ni ipi inayotawala.

Hatimaye, saa za ratiba si saa za kuruka. Zimehesabiwa tangu ndege isogee kutoka ilipoegeshwa hadi isimame kabisa mwisho wa safari, zikiwa zimechanganya kungoja zamu ya kuruka na kutambaa baada ya kutua, na kiasi kidogo cha tahadhari. Mtu akisikia rubani akitangaza muda uliopungua kwa nusu saa au zaidi kuliko wa tikiti, asidhani kuwa ameongezewa mwendo.

Upepo, na dhana ya dunia kugeuka

Tafauti iliyobaki kati ya saa 15 za kwenda na 14 na nusu za kurudi imezaa dhana moja iliyoenea sana: kwamba, kwa kuwa dunia hugeuka kuelekea mashariki, ndege iendayo magharibi ingepaswa kufika upesi, maana mji waijia wenyewe. Dhana hii huvutia kwa sura yake ya kielimu, na ingekuwa kweli kama hewa ingebaki imesimama huku ardhi ikigeuka chini yake. Lakini hewa hugeuka pamoja na ardhi. Pale penye ikweta ardhi huenda kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa, na kama hewa isingefuatana nayo, hakuna mti wala paa ambalo lingesimama Matuu. Ndege huogelea ndani ya hewa kama samaki ndani ya maji ya mto, na linalompasa msafiri kuuliza ni iwapo mto wenyewe una mkondo.

Mkondo upo. Katika nchi za kaskazini, kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12 ambacho ndicho cha ndege kubwa, huvuma upepo wa nguvu utokao magharibi kwenda mashariki, ambao wakati wa baridi huweza kupita kilomita 200 kwa saa. Huku kwetu karibu na ikweta pepo za juu ni laini zaidi. Kwa hiyo ndege iendayo New York haipingwi sana juu ya Uganda na Chad, bali hukutana na mpinzani wake juu ya Atlantiki, na irudipo mpinzani huyo huwa msaidizi. Ndege ya 787 huenda kwa takriban kilomita 900 kwa saa ndani ya hewa tulivu, na kwa kasi hiyo masafa ya kilomita 11,840 yangekwisha kwa saa 13 na dakika chache. Saa zilizozidi hapo ni kodi ya upepo, ya kupanda, ya kushuka na ya kutambaa. Nahodha wa kaskazi na kusi asingehitaji kufafanuliwa neno hili mara mbili.

Moja kwa moja, au kwa kutua njiani

Mjadala wa tatu ni wa mfuko. Wako wasemao kuwa safari ya moja kwa moja ndiyo fupi, kwa hiyo ndiyo bora. Na wako wasemao kuwa kutua London, Amsterdam, Doha au mji mwingine ni nafuu, tena hupumzisha mwili.

Kwa kilomita peke yake, tafauti si kubwa kama idhaniwavyo. Nairobi hadi London hadi New York ni kilomita 12,400 hivi, yaani zaidi kidogo ya 500 kupita njia ya moja kwa moja, ambazo ndege ingezimaliza kwa dakika 40. Njia ya Amsterdam yazidi kwa takriban 700. Njia ya Doha, ambayo huanza kwa kumpeleka msafiri kaskazini-mashariki hali aendako ni magharibi, hufika takriban kilomita 14,100. Lakini saa hazifuati kilomita: Nairobi hadi London ni kama saa 9, London hadi New York kama 8, na kungoja kati yao, hata kukiwa kufupi, hakupungui saa 2 au 3, ikawa jumla ni 20. Dakika 40 za masafa zimezaa saa 5 za muda, na chanzo chake si anga ila ni ardhi: kushuka, kukaguliwa, kungoja, kupanda tena.

Pamoja na hayo njia ya moja kwa moja ina gharama zake zisizoonekana. Ilipoanzishwa ilitangazwa kuwa ndege huchukua abiria 234, marubani wanne wapokezanao, wahudumu 12, na tani 85 za mafuta kwa kila upande. Mafuta hayo ni mzigo, na sehemu ya mafuta huteketea kwa kazi ya kuyabeba mafuta mengine. Ndiyo maana nauli ya njia fupi si lazima iwe ndogo. Kisha uwanja wa Nairobi uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi na mabawa hushika kwa taabu, hata njia yake ya kurukia ikahitajiwa kuwa na urefu wa zaidi ya mita 4,100. Kuondoka usiku, wakati hewa imepoa na kuwa nzito, huipunguzia ndege iliyosheheni sehemu ya taabu hiyo.

Ama kuhusu mwili, Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kuwa hatari ya damu kuganda mishipani huongezeka kama mara mbili kwa aliyesafiri akiwa ameketi kwa saa 4 au zaidi, ijapokuwa hatari yenyewe ni ndogo, kiasi cha mtu 1 katika 6,000. Wapendao kutua njiani hulishika hilo kuwa hoja yao, lakini uchunguzi ule ule ulisema kuwa kupanda ndege mara nyingi ndani ya muda mfupi nako huongeza hatari. Kwa hiyo haiwi hoja ya upande wowote, isipokuwa ya kusimama na kunyoosha miguu.

Kwa maoni yetu, mwenye mtoto mchanga, mgonjwa, au asiyejua lugha za viwanja vya ugenini apande ya moja kwa moja hata kama nauli imezidi, kwa kuwa kila kituo ni mlango mmoja zaidi wa kupotea mizigo, kukosa ndege ya pili, au kudaiwa hati za kupitia. Kijana mwanafunzi mwenye begi moja na siku za kutosha hana sababu ya kulipia saa 5 ambazo angezitumia kulala.

Kutoka kizingiti hadi kizingiti

Limebaki kundi la nne, lisilo na sauti kubwa, lihesabulo safari tangu mtu atoke kwao hadi aingie aendako. Kundi hili hulaumiwa kuwa hesabu yake haina hakika, na ni kweli: foleni ya magari ya Thika haina ratiba, na ile ya idara ya uhamiaji ya Marekani siku nyingine ni dakika 20, siku nyingine ni saa mbili. Wapima masafa watasema kuwa kipimo kisichojirudia si kipimo. Lakini msafiri haishi ndani ya kipimo kinachojirudia. Huishi ndani ya siku moja tu, ile anayosafiri, na katika siku hiyo kilomita mia moja na ushee za Matuu hadi uwanjani, ambazo hata hazipiti sana sehemu moja katika mia ya masafa yote, humlazimu kutenga saa 3, yaani thumuni ya siku. Angani amekuwa akienda karibu kilomita 800 kila saa; barabarani hata 40 hazikutimia. Anayetaka kuifupisha safari ya New York kwa mtu wa Matuu asiwatazame watengenezaji wa ndege, maana kwao hakuna saa nyingi zilizobaki za kupunguza. Atazame barabara, mistari ya ukaguzi na milango ya uhamiaji.

Tukiziweka hoja zote katika mizani, basi, twaona kuwa kilomita ni za mwenye kununua mafuta na mwenye kuchora ramani. Saa za tikiti ni za mwenye kwenda kumpokea mgeni, kwa sharti azisome kwa saa ya mji wake. Na hesabu ya kizingiti hadi kizingiti ni ya msafiri mwenyewe na waliomuaga. Katika hizo, ya mwisho ndiyo twaipa uzito kwa swali lililoulizwa Matuu, ila kwa sharti moja lisilovunjwa: ihesabiwe kwa saa moja tangu mwanzo hadi mwisho, na ile ya nyumbani ndiyo iliyo karibu.

Kwa hesabu hiyo, na kwa ratiba ile ya wakati wa baridi, atokaye Matuu saa kumi na moja za jioni hufika uwanjani saa mbili za usiku, huruka kabla ya saa sita, hutua saa nane na nusu hivi za mchana wa pili, na akimaliza uhamiaji, mizigo na njia ya kuingia mjini, saa ya Matuu humwambia kuwa ni saa kumi na moja za jioni tena. Nje, mjini New York, ni saa tatu za asubuhi.